Vumbi la Sonara ni la Nani?



Msimu wa harusi ukikaribia, wateja wanaokuja kwangu kupimwa magauni huja na mazungumzo yao yote, na siku hizi mazungumzo makubwa ni dhahabu. Bei imepanda mno. Mama wengi hawanunui seti mpya, bali wanafungua sanduku, wanatoa bangili za bibi na mikufu iliyokatika, wanampelekea sonara aiyeyushe aifanye ya kisasa. Siku ya kuchukua, mizani inasema jambo jingine. Uzito ulioingia si uzito uliotoka. Ukiuliza, unajibiwa kwamba kiasi kidogo "kimeliwa na kazi".

Jibu hilo ni la kweli, ila limekatwa katikati. Dhahabu haipati kutu, haigeuki moshi, haikauki kama maji ya kufulia. Kilicholiwa na kazi kipo mahali fulani, na mahali penyewe ni kwenye vumbi. Vumbi hilo lina historia ndefu, na ndani ya historia hiyo wapo mafakihi wakubwa wa dini yetu, kwa sababu swali la nani mwenye haki ya vumbi la sonara waliliuliza wao kabla yetu kwa mamia ya miaka.

Kwanza tuone linavyopatikana. Sonara akishayeyusha dhahabu yako na kuipa umbo, huikata kwa msumeno mwembamba, huisugua kwa tupa, kisha kwa msasa. Chenga zinazoanguka hapo ni kubwa, unaweza kuziona kwa macho, na sonara yeyote mwenye akili huziokota kwenye kidroo chake. Ugumu unaanza kwenye kung'arisha. Pete ikibanwa kwenye gurudumu la kitambaa linalozunguka kwa kasi, lililopakwa ile dawa nyekundu (ambayo ni kutu ya chuma iliyosagwa laini kama poda ya uso), gurudumu huikwangua dhahabu kwa ukonde usioonekana. Mng'aro ule unaoupenda umepatikana kwa kuondoa dhahabu ya juu. Ikiondoka inachanganyika na nyuzi za kitambaa, na dawa, na jasho, na uchafu wa sakafu. Inaingia kwenye nywele za fundi, kwenye mikunjo ya shati lake, chini ya kucha. Ukiiona hutaitambua, maana ni uchafu mwekundu mweusi wa kawaida kabisa. Lakini ukiukusanya wa mwezi mzima na ukajua kuutenganisha, ndani yake mna mali.

Sasa, hukumu ya mali iliyojificha namna hiyo inaanzia kwenye mkufu. Katika Sahih Muslim imepokewa habari ya sahaba Fudhala bin Ubaid, radhi za Allah zimshukie, kwamba siku ya Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijria, alinunua mkufu wenye dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipoutenganisha, dhahabu huku na shanga huku, akakuta dhahabu peke yake inazidi dinari 12. Alipomweleza Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akaelekezwa kwamba kitu cha namna ile kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Kila mmoja wetu anajua kwamba dhahabu kwa dhahabu hubadilishwa sawa kwa sawa na mkono kwa mkono, ama sivyo inaingia riba. Mkufu wa Fudhala unatuonyesha shida ya pili: ikiwa dhahabu imechanganyika na kitu kingine na hujui ni kiasi gani, huo usawa utaupimaje?

Hebu peleka swali hilo kwenye vumbi la sonara. Mkufu angalau una shanga unazoweza kuzifungua na kuzihesabu. Vumbi huwezi kulihesabu. Ndiyo maana mafakihi walilitungia mlango wake, na kwa Kiarabu limeitwa kwa jina lake kabisa, turabu ya masonara. Imepokewa kutoka kwa Sha'bi, mwanachuoni wa Kufa aliyeishi zama za tabiina, kwamba hakuona heri katika kuliuza, akalifananisha na samaki aliyemo majini. Unanunua usichokiona. Huenda yumo, huenda hayumo.

Katika karne ya 12, huko Sham, zama za Salahuddin, Abdurrahman al-Shayzari aliandika kitabu cha mwongozo kwa muhtasib, yaani msimamizi wa soko aliyekuwa akizunguka kukagua mizani, mikate, nyama na kila ufundi. Masonara nao wana mlango wao humo. Miongoni mwa anayotakiwa muhtasib kuyaangalia ni haya hasa: vumbi na majivu ya maduka yao yasiuzwe ila kwa sarafu za shaba au kwa bidhaa nyingine, kwa kuwa hayakosi dhahabu na fedha ndani yake, na kuyauza kwa dinari au dirhamu kunafungua mlango wa riba. Baadaye huko Misri Ibn al-Ukhuwwa, aliyefariki mwaka 1329, naye akaliweka jambo hilo katika kitabu chake cha hisba. Mimi linalonivutia hapa ni kwamba sheria haiandikiwi kitu kisichokuwepo. Kama muhtasib aliagizwa kulitazama vumbi, basi ni kwa sababu vumbi lilikuwa likiuzwa kila siku, na walikuwepo wanunuzi wake wanaogonga milango ya masonara wakiwa na magunia.

Wanazuoni hawakuafikiana wote. Imamu Nawawi, ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafi tunamjua tangu chuoni, ameandika kwamba kuuza turabu ya masonara kabla ya kusafishwa hakusihi kabisa, kwa dhahabu wala kwa fedha wala kwa kitu kingine, kwa sababu kinachotakiwa ndani yake kimefichika. Ibn Qudama, wa madhehebu ya Hanbali, aliyefariki Dimashki mwaka 1223, ameona inajuzu ikiuzwa kwa kitu cha jinsi nyingine. Wamaliki nao walitofautisha. Udongo wa mgodini wauzike, lakini vumbi la sonara lisiuzike. Khalil bin Is-haq wa Misri, katika muhtasari wake mashuhuri wa karne ya 14, ameongeza jambo lililonifanya nicheke peke yangu nilipolisikia darasani kwa ustadhati wetu. Aliyelinunua vumbi hilo analirudisha hata kama amekwisha kulisafisha na kuitoa dhahabu yake, ila yeye hulipwa ujira wa kazi aliyoifanya. Fikiria jasho lote lile, moto wote ule, halafu unaambiwa rudisha, chukua ujira wako! Lakini haki imetendeka pande zote mbili. Mwenye mali amepata mali, na mwenye kazi hakudhulumiwa kazi yake.

Hata hivyo, kwetu sisi tunaopeleka dhahabu kwa sonara, swali zito kuliko yote wamelishika Wahanafi. Wao wanajuzisha vumbi kuuzwa kwa masharti ya ubadilishanaji wa dhahabu na fedha, kisha wanamgeukia sonara mwenyewe: pesa ulizopata utazilaje? Kilichomo kwenye vumbi lako ni chenga za mali za watu waliokuamini, kidogo cha huyu na kidogo cha yule. Wakasema haimpasi kuila thamani ile, isipokuwa kama alipowarudishia watu vitu vyao aliwaongezea kiasi kinacholingana na kilichoanguka.

Soma tena sentensi hiyo, biharusi. Hawakumwita sonara mwizi, wala hawakusema kwamba kupungua kwa uzito ni uongo. Wanakubali dhahabu inaanguka, haiwezekani isianguke. Wanachosema ni kwamba kuanguka kwake hakuibadilishi kuwa ya mwenye sakafu.

Sisi mafundi cherehani tuna vumbi letu pia, tena la rangi rangi. Mteja akileta mita tano za lesi na gauni likaingia mita nne na robo, ile iliyobaki ni ya nani? Wapo mafundi wanaoona ni haki yao, wanashonea watoto wao vikofia na mito ya sindano. Nilipokuwa kwenye mafunzo tuliambiwa mabaki yafungwe kwenye mfuko yarudi na nguo, na mpaka leo nafanya hivyo, hata kikiwa kipande cha kuzibia kifungo. Lakini robo tatu ya mita ya lesi inaonekana. Mteja akiikosa atauliza. Dhahabu ya kwenye vumbi haiulizwi, kwa sababu mwenyewe hajui kwamba ipo.

Vipi basi ilitolewa? Njia ya zamani ina hatua tatu na kila moja ina akili yake. Ya kwanza ni kuchoma. Matambara, fagio kuukuu, majivu ya tanuri, mbao za sakafu, vyote vinatiwa motoni. Cha kuungua kinaungua na dhahabu inabaki kwenye majivu. Ya pili ni kusaga na kuosha kwa maji kwenye karai, kwa sababu dhahabu ni nzito mno, inazama wakati jivu linaelea na kumwagika. Kwa zile chembe laini zaidi walitumia zebaki. Al-Biruni, katika kitabu chake cha vito na madini cha karne ya 11, anaeleza jinsi wachimbaji walivyosaga mawe yenye dhahabu, wakayachanganya na zebaki, kisha wakaikamua zebaki ndani ya ngozi. Zebaki inapenya ngozi, dhahabu iliyoshikana nayo inabaki ndani kama tonge la unga, halafu moto unamaliza kilichobaki. Njia hiyo hiyo inafaa kwa vumbi la dukani.

Ya tatu ni risasi. Madini yote yanayeyushwa pamoja na risasi ndani ya kikombe kilichofinyangwa kwa majivu ya mifupa. Risasi inaungua, inabeba shaba na takataka nyingine, inanywewa na kikombe kama mkate unavyonywa chai, na katikati inabaki shanga ndogo inayong'aa ya dhahabu na fedha. Kuzitenganisha hizo mbili, mafundi wa baadaye walitumia asidi kali inayoyeyusha fedha na kuiacha dhahabu. Tena hapo pana siri: dhahabu ikizidi sana asidi haipenyi, kwa hiyo wanaongeza fedha mpaka dhahabu iwe kama robo tu ya donge lote. Unaongeza ili utoe.

Kazi hii kwa kawaida hakuifanya sonara mwenyewe. Na hapa inabidi tuvuke bahari kwenda Bara Hindi, kwa sababu hata neno letu "sonara" limetoka huko, na masonara wa Mji Mkongwe wa zamani wengi asili yao ni Kachchh na Gujarat. Huko kwao, nyuma ya kila mtaa wa masonara kulikuwa na watu wengine maskini zaidi ambao hawakutengeneza hata pete moja. Kaskazini waliitwa niyariya, jina linalotokana na neno la kutenganisha. Gujarat wakaitwa dhuldhoya, maana yake waosha vumbi. Hawa walinunua takataka za duka kwa bei ya kukisia, wakaenda nazo mtoni au nyumbani kuziosha. Ni kamari ya halali na haramu kwa pamoja, ile ile aliyoikataa Sha'bi, maana gunia moja linalisha nyumba mwezi mzima na la pili linakula mtaji. Sonara alikuwa na uzoefu wa kujua duka lake limedondosha kiasi gani; muosha vumbi alikuwa na macho yake tu.

Mpaka leo Mumbai, kwenye Zaveri Bazaar, soko kubwa la dhahabu, kuna watu wanaofagia vichochoro alfajiri kabla maduka hayajafunguliwa. Wanafagia nje, si ndani. Mafundi wametoka jana usiku na dhahabu kwenye nyayo za viatu na kwenye nguo, ikadondoka njiani, ikaingia hadi kwenye mitaro. Hiyo ndiyo riziki yao, karai moja la tope kwa siku.

Kwa sisi wa nguo kuna cha kufurahisha pia. Zari, ule uzi wa kudariziwa, zamani ulikuwa fedha ya kweli iliyopakwa dhahabu na kuzungushwa kwenye uzi wa hariri. Sari kuukuu za zari India zilikuwa na wanunuzi wao waliopita nyumba hadi nyumba, wanazichoma, wanachukua fedha kwenye majivu. Na Ufaransa, karne ya 18, mabibi wa jumba la mfalme walikaa sebuleni na mikasi midogo wakifumua nyuzi za dhahabu kwenye makoti na mapindo ya nguo za zamani wakaziuza, wakaona ni burudani ya heshima kabisa, mpaka wengine wakawa wanawaomba wanaume mishono ya mabegani mwao. Maskini akiosha vumbi ni takataka. Tajiri akifumua koti ni mchezo wa jioni. (Zari nyingi za sasa ni plastiki, shoga zangu, msichome vitambaa vyenu.)

Waliolifanya vumbi kuwa hesabu ya kiwandani ni Waingereza wa Birmingham. Mji huo ulipata ofisi yake ya kupima na kupiga mhuri wa dhahabu na fedha mwaka 1773, baada ya mwenye kiwanda Matthew Boulton kulipigania bungeni, na mtaa wa masonara ukakua hapo mpaka ukawa na maelfu ya mafundi. Meza za kazi zilikatwa kwa umbo la nusu mwezi, kila fundi akikaa kwenye kata yake, na chini yake ikatundikwa ngozi kama pakacha, kila kinachoanguka kidondokee humo. Chenga hizo walizipa jina, lemel, neno walilolichukua kwa Wafaransa. Sakafuni ziliwekwa fito za mbao ili viatu vikanyage juu na vumbi libaki chini. Kunawa mikono kabla ya kutoka ilikuwa amri, na maji ya kunawia hayakwenda mtaroni, yalipitia kwenye matangi yatulie kwanza. Aproni zikichakaa zilichomwa na majivu yakatunzwa. Duka likihama, mbao za sakafu ziling'olewa zikachomwa nazo.

Na waliosimama kwenye yale magurudumu ya kung'arisha wengi walikuwa wanawake, wamefunga vichwa vyao, nguo na nyuso zimepakaa dawa nyekundu. Kazi chafu kuliko zote kwenye kiwanda, na ndiyo iliyozalisha vumbi la thamani ngumu kuliko yote kulitoa. Kiwanda kimoja cha bangili na mikufu, Smith & Pepper, kilichoanzishwa mwaka 1899, kilifungwa mwaka 1981 na wenyewe wakaondoka wakaacha kila kitu mezani, hadi vikombe vya chai. Sasa ni jumba la makumbusho. Hesabu ya Birmingham ilikuwa safi, lakini angalia ilikuwa hesabu ya nani: vumbi lote ni la mwenye kiwanda, na hapo hapakuwa na ugomvi, kwa sababu dhahabu yote alinunua yeye tangu mwanzo.

Kwetu ni tofauti. Kwetu dhahabu inaingia dukani ikiwa tayari na mwenyewe, na mwenyewe ni mwanamke, kwa kawaida ni akiba yake ya pekee ambayo hakuna wa kumgusia. Ndiyo maana mimi naona swali la Wahanafi linatuhusu kuliko hesabu za Birmingham.

Basi ukipeleka, uliza kabla ya moto kuwashwa. Dhahabu ipimwe mbele yako, iandikwe uzito na karati. Karati 22 maana yake sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu, na ukiwa na vipande vya karati mbalimbali vipimwe mbali mbali. Vito na nta iliyojazwa ndani ya bangili vitolewe kwanza, maana upungufu mwingine ni nta ya bibi tu, sonara wa watu hana kosa. Kisha mkubaliane kiasi cha kupotea. Tuseme seti yako ni gramu 50 na yeye anakata mbili kwa mia, hiyo ni gramu 1. Je, gramu hiyo ni sehemu ya ujira wake, au ni upotevu anaoukadiria na ujira upo pembeni? Akisema ni ujira, umejua na umeridhia, vumbi alifanye atakavyo. Akisema ni upotevu, muulize kwa upole vumbi la dukani kwake huenda wapi. Sonara mkweli hatachukia. Wengi wanakusanya kwenye kopo na kulipeleka kusafishwa baada ya miezi, na wapo wanaokupunguzia ujira kwa sababu hiyo bila kuombwa.

Na mkishakubaliana, iandikwe kwenye risiti hiyo hiyo, chini ya uzito.